Fungu la Bwana

Ungetaka kumwona Sponji katika ubora wake, ungemfuata kanisani. Karakana yake ya kushona makochi ilikuwa chumba kimoja chenye vumbi la sufi, misumari midogo mingi kuliko punje za mchele, na kochi la watu watatu ambalo mwenyewe alishafariki akilisubiri. Lakini kanisani! Kapu la sadaka lilipoanza kupita mstari wa mbele, Sponji wa mstari wa tano alikuwa ameshakohoa mara mbili. Noti yake aliikunja kifundi, tarakimu juu, ili hata mwenye mtoto wa jicho aisome. Halafu hakuiweka kama watu wengine wanavyoweka. Aliishusha polepole, kama mtu anayeshusha jeneza. Jumapili nyingine kapu lilishapita kabisa ndipo akakumbuka kwamba ana noti ya pili, ikabidi mzee wa kanisa arudi, na shingo zote zigeuke.

Nyumbani, mtu huyohuyo alikata mche wa sabuni vipande vinne na vitatu akavifungia kabatini. Sukari alimpimia mkewe kwa kijiko kila asubuhi, na kijiko alikipangusa juu kwa kidole ili kisiwe na kilima. Njiti za kiberiti alizihesabu. Usicheke, alizihesabu. Mkewe akisema viatu vimetoboka, jibu lilikuwa moja tu:

"Mama watoto, mwamini Bwana. Bwana atatoa."

"Bwana yupi?" mkewe aliuliza, macho yake yakiwa kwenye sindano.

"Usikufuru, mwanamke."

Mkewe watu walimwita Mama Sindano. Alitarizi vile vitambaa vya kutandika juu ya migongo ya makochi, vyenye maua pembeni na maneno katikati. Shule aliacha walipomaliza kufundishwa herufi kubwa. Herufi ndogo zilimkuta ameshaolewa. Kwa hiyo kila alichotarizi kilipiga kelele: KARIBU MGENI. AMANI KWENU. MUNGU NI MWEMA. Wateja walipenda, walisema unasoma hata ukiwa barabarani. Hela ya vitambaa aliipokea Sponji, maana Sponji alikuwa kichwa cha nyumba, na kichwa, kama alivyopenda kueleza, ndicho chenye mdomo.

Sasa, mwaka ule Sponji alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikaa mahali pabaya. Miaka thelathini ya kunyanyua makochi ilikuwa imemteremshia kitu kinenani. Kilianza kama limau. Kikawa chungwa. Aliposhuka ngazi alikishika kwa mkono mmoja ndani ya mfuko wa suruali, na watu wakadhani anachezea sarafu. Alimwambia Mungu. Alimwambia mkewe, maana wanajifunika shuka moja, hakuna namna. Wengine wote aliwaficha, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Mkewe ndiye aliyemkokota hospitali. Daktari, kijana mwenye miwani, alibonyeza mara moja tu na Sponji akaona nyota saa nne asubuhi.

"Ni ngiri, mzee. Utumbo umeshuka. Utumbo huo ukijinyonga humo ndani, hatutapata hata muda wa kukuuliza jina. Nakupanga Alhamisi ya wiki ijayo. Malipo yafike dirishani Jumatano kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Na usinyanyue kitu."

Akamwandikia kiasi kwenye karatasi. Sponji alikisoma, akaikunja karatasi, tarakimu ndani safari hii.

"Bwana ataponya," alisema walipofika nje.

"Ataponya," mkewe akaitikia. "Alhamisi. Daktari si amesema?"

Ijumaa Mama Sindano akasafiri kwenda kumwona binti yao mkubwa aliyejifungua mapacha. Alimwachia mumewe maneno matatu: kula, lala, usinyanyue. Akasema atarudi Jumatatu na mambo ya hospitali asiyawaze, yeye anayajua. Sponji hakuuliza anayajuaje. Mwanaume wa imani hababaiki na vitu vidogo.

Jumamosi aliketi. Hakuwahi kuketi kutwa nzima maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kuketisha wengine. Alikaa kwenye kiti chake kikuu cha pale sebuleni, kile cha karibu na dirisha, na springi ikamchoma tako la kulia. Akahamia kushoto, springi ya kushoto nayo ikamsalimia. Kinyozi hajinyoi: kiti kile alikitengeneza mara ya mwisho wasichana wake wakiwa wanavaa sare za shule, na sasa wana watoto. Mikono ikaanza kumwasha. Akajiambia daktari alikataza kunyanyua, hakukataza kufumua. Akachukua mkasi na koleo, akapiga goti polepole, mkono mmoja ukishika chungwa lake, akaanza kung'oa misumari.

Chini ya kitambaa palikuwa na gunia. Chini ya gunia, sufi iliyogandamana. Na katikati ya sufi, palipopaswa kuwa na springi ya tatu, palikuwa na mfuko wa kitambaa cheupe, mnene kama mkate, umeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu. Mishono ile aliijua. Amelala karibu nayo miaka thelathini.

Akaufumua. Zilikuwa hela. Noti zilizokunjwa ndogo kama vidonge, sarafu zilizofungwa kwenye vipande vya kanga kuukuu, noti nyingine za sura ya zamani. Sponji alikaa sakafuni na miguu yake mbele kama mtoto. Kwanza akahisi joto kichwani: mke wake ni mwizi. Halafu baridi: mke wake ni tajiri. Halafu akaugeuza mfuko na kuona maneno yaliyotariziwa ubavuni, herufi kubwa kama kawaida yake:

FUNGU LA BWANA

Fungu la Bwana! Sehemu ya Mwenyezi Mungu, iliyotengwa, yenye jina lake, imefichwa ndani ya kiti. Na nani aliyekalia kiti hicho kila siku iendayo kwa Mungu, akinywa chai, akijikuna, akisinzia? Yeye Sponji. Amemkalia Mungu hela yake miaka nenda miaka rudi! Na hapo ndipo lilipomjia wazo lililomsimamisha nywele hadi za mikononi. Ugonjwa wake uko wapi? Haukwenda kifuani, wala kichwani. Umekuja palepale, jirani kabisa na mahali hela ya Mungu ilipokaliwa.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti, peke yake, sebuleni. "Kumbe ni adhabu."

Usimcheke. Hata wewe ungekuwa na chungwa mahali pale, ungeamini lolote.

Akashona kiti upya siku ileile kwa kitambaa cha buluu kilichobaki kwa mteja, na akalala usingizi wa mtu aliyepona nusu.

Jumapili hiyo ilikuwa ya kuchangia paa la kanisa, maana la zamani lilikuwa linavuja hadi mchungaji alihubiri akihamahama. Hapo Sponji angeweza kwenda kimya, akauweka mfuko mezani, akarudi kukaa. Ndivyo alivyokusudia, alimwapia Mungu hivyo njiani. Lakini alipofika mbele, mweka hazina wa kanisa, mkunga mstaafu mwenye kitambaa cheupe kichwani, akaushika mfuko na macho yakamtoka kwa uzito, kanisa likanyamaza. Na kanisa likinyamaza, Sponji hawezi kunyamaza.

"Wapendwa," alisema, "mnaona jina hapo. Fungu la Bwana. Mimi nimejinyima. Miaka minane! Nikishika kikombe cha chai, najiuliza, sukari hii ni yangu au ya Bwana? Nasema ya Bwana. Nikitamani kiatu, nasema hapana. Kidogo kidogo, wapendwa. Leo Bwana achukue chake."

Makofi yalitikisa hata mabati yale mabovu. Mkunga alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Mchungaji alimtaja kwenye maombi mara mbili, na kwenye matangazo mara ya tatu, akawaambia vijana wajifunze. Sponji akarudi mstari wa tano akitembea kama bwana harusi, na ukweli ni kwamba kinena hakikumuuma hata kidogo mpaka alipofika nyumbani.

Jumatatu mkewe akarudi. Aliweka kikapu chini, akavua viatu vyake vyenye matundu, akatazama kiti cha buluu. Alikitazama muda mrefu.

"Nani amekushonea kiti?"

"Nani mwingine? Mkono wa fundi, mama watoto! Kaa ujaribu."

Hakukaa. Alikwenda akabonyeza katikati kwa kiganja. Kikashuka, kikapanda. Akabonyeza tena.

"Baba watoto. Kulikuwa na mfuko humu."

"Ulikuwepo," Sponji alisema, akakohoa kile kikohozi chake cha kanisani. "Nami sikulaumu. Moyo wako ulikuwa mzuri, ila mahali hapakuwa pazuri. Nimeufikisha kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Kwani uliandika nini, mwanamke? Fungu la Bwana. Nimempelekea Bwana. Jana, mbele ya kanisa zima."

Mama Sindano alirudi nyuma hatua moja. Akashika ukuta.

"Bwana," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. "Bwana si wewe?"

Hapa inabidi ueleweshwe kitu ambacho Sponji mwenyewe hakukijua. Uso kwa uso mkewe alimwita baba watoto tangu mtoto wa kwanza. Lakini kwa wanawake wenzake, kisimani, sokoni, kwenye kutarizi, alikuwa "bwana": bwana wangu amesafiri, bwana wangu hapendi chumvi. Kwa miaka thelathini hiyo yote Sponji alikuwa na jina ndani ya mdomo wa mkewe na hakuwahi kulisikia, maana alipoingia tu wanawake walinyamaza. Na sindano isiyojua herufi ndogo haikuweza kumsaidia.

"Mimi?" alisema.

"Wewe. Fungu la bwana wangu. La siku utakapougua. Kila ulipotoa noti yako ya kuonwa, nami nilitafuta changu nikaweka, kwa sababu nilijua siku ukianguka, waliokupigia makofi watakuletea pole, na pole hailipi daktari." Akatazama ukutani, kwenye kalenda. "Keshokutwa saa kumi, baba watoto. Hela ya kukupasua umetengenezea paa."

Sponji akakaa. Kiti kilimpokea vizuri, kazi yake haikuwa na kasoro, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kitu kinenani kikaanza kupiga kama moyo wa pili.

"Twende tukaombe turudishiwe," mkewe alisema.

"Mimi? Nikamnyang'anye Mungu? Baada ya yale makofi? Bora nife."

"Sawa. Ila jeneza tutalifunika na nini? Kitambaa cha buluu umeshamaliza."

Jumanne asubuhi walikuwa kwenye ofisi ya kanisa, chumba chenye meza moja, sanduku la chuma na mikeka iliyokunjwa. Sponji alikaa pembeni akitazama viatu vyake, ambavyo, aligundua, vilikuwa vizima. Mkewe ndiye aliyesema yote. Mchungaji alisikiliza huku akizungusha kalamu, mkunga ameketi kando ya sanduku.

Mkunga hakungoja zamu yake. "Mama, nakuhurumia, lakini kilichoingia sandukuni kimeingia. Maji yakimwagika hayazoleki. Sadaka ni sadaka."

"Mama Mkunga," alisema Mama Sindano, "ulizalisha miaka mingapi?"

"Thelathini na mbili."

"Mtoto akitoka, ulimwandika kuwa wa aliyemzaa, au wa aliyekuwa anapiga kelele mlangoni?"

Mkunga akaangalia sanduku. Mchungaji akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Alipoinuka kicheko kilikuwa kimekwisha, uso ameukunja.

"Fundi," alisema, "Jumapili ulituambia umejinyima miaka minane. Umejinyima nini?"

Sponji alikuwa na jibu kwa kila kitu duniani. Alipekua maisha yake kama mtu anayepekua suruali akijua kulikuwa na kitu: mfuko huu, mfuko ule, wa nyuma. Kikombe cha chai? Alikinywa. Kiatu? Alikinunua, na cha akiba kipo chini ya kitanda. Akatoa kicheko kidogo kikafia njiani.

"Ni miaka tisa," mkewe alisema, si kwa hasira. "Hata uongo ameupunguza."

Akavuta shavu kwa kidole, akawaonyesha. Nyuma, palipokuwa na jino, palikuwa na pengo. "Hili lingeweza kuzibwa. Kung'oa kulikuwa nafuu. Hela iliyobaki ilikuwa humo mfukoni. Na sukari aliyonipimia asubuhi, nilimuuzia jirani."

"Sukari?" Sponji aligeuka. "Ile ya kijiko? Miaka yote? Sasa wewe ulikuwa unakunywa nini?"

"Maji ya moto."

"Lakini nilikuona! Tulikuwa tunakunywa chai pamoja!"

"Wewe ulikuwa unakunywa chai. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe."

Sponji alihisi kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake akakuta picha yake ukutani. Kila asubuhi amekaa mbele ya mwanamke yule, na hakuwahi kutazama ndani ya kikombe.

Mchungaji akaweka kalamu. "Sadaka hutoa mwenye kitu. Huyu mama hajatoa, kwa hiyo sisi hatujapokea. Hela ipo, mabati hatujanunua. Lakini siwezi kuitoa sandukuni kimyakimya, fundi. Watu waliona inaingia. Wasipoiona ikitoka, kesho watasema mchungaji kala. Kesho saa saba tuna maombi ya mchana. Simama, useme mwenyewe, chukua mfuko, wahi hospitali."

"Niseme nini?"

"Yaliyotokea."

"Yote?"

"Kwani utachagua?"

Sponji hakulala mchana wala usiku. Upande mmoja kulikuwa na utumbo wake, upande wa pili jina lake, na hakuwa na uhakika angependa kubaki na kipi.

Jumatano kanisa lilijaa kama Jumapili, kwa sababu mkunga mstaafu ni mtu wa watu na hakuwa ameombwa kunyamaza. Sponji akapanda mbele. Akakohoa mara mbili. Safari hii hakuna aliyesogeza kapu.

"Wapendwa," alianza, "kumetokea hitilafu ndogo ya kiutawala kuhusu..."

Mstari wa tano mkewe naye akakohoa. Mara moja.

Sponji akatazama saa ya ukutani. Saa saba na dakika ishirini. Akashika kinena chake waziwazi, mbele ya kanisa, na watu wa mbele wakapigwa na butwaa.

"Nina ngiri," alisema. "Kubwa. Nimeificha. Mfuko ule haukuwa wangu. Sikujinyima kitu, hata njiti ya kiberiti. Aliyejinyima ni mke wangu, miaka tisa, ili mimi nitibiwe. Niliukuta kwenye kiti, nikasoma vibaya, nikautoa kwa jina langu. Naomba mumrudishie. Mpigieni yeye makofi. Basi."

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wamegeuza shingo zote kumtazama Mama Sindano. Kisha mwanamke wa upande wa kulia, mke wa muuza vyombo, akasimama.

"Mchungaji, nami nina swali. Zile spika mbili alizotoa mume wangu mwaka jana. Ile hela ilikuwa ya upatu wangu."

"Kaa chini!" muuza vyombo alinong'ona, mnong'ono wa kusikika hadi barabarani.

"Sikai. Mbona wa mwenzangu kasimama?"

Nyuma kabisa bibi mmoja akainua fimbo. "Na ile saa ya ukutani. Hela ya mayai yangu ile."

Kabla mchungaji hajapata neno walikuwa wamesimama wanawake sita, kisha tisa, na waume wao wakimtazama Sponji kwa macho ya kutafuna. Mkunga alifanya lililomjia kwanza: alimpa Mama Sindano mfuko wake, kisha akakaa juu ya sanduku kwa uzito wake wote. Mchungaji akafunga kwa maombi, macho wazi.

Hospitali walifika saa nane na nusu. Mama Sindano alilipa dirishani, akapokea risiti, akaitia kifuani. Mumewe alisimama nyuma yake.

Alhamisi asubuhi alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, amevishwa gauni la kijani linalofungwa nyuma kwa kamba mbili, moja imekatika. Mkewe alikaa pembeni, akitarizi. Sponji alimtazama mikono.

"Mama watoto. Leo ndiyo tumeishiwa kabisa."

"Nani kasema?"

"Si mfuko umekwisha?"

"Ule umekwisha. Ule ulikuwa fungu la bwana." Akakata uzi kwa meno. "Fungu la bibi hukulikuta. Uliishia kwenye kiti kimoja."

Sponji akainuka kwa kiwiko, nesi akamrudisha chini. "Upo mwingine? Unatosha kulipa hapa?"

"Unatosha na chenji inabaki."

"Sasa... sasa kwa nini ulinisimamisha mbele ya watu wote, nikashika... kwa nini, kama hela unayo?"

Nesi alishaachia breki, magurudumu yakaanza kusogea. Mama Sindano akatembea kando ya kitanda hadi kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, sindano mkononi.

"Miaka tisa, baba watoto," alisema. "Nilitaka siku moja na mimi nitajwe."

Milango ikafunguka. "Mzee," nesi alisema akimsukuma ndani, "funga mdomo, tunaanza."

Lakini Sponji hakuweza kuufunga. Alichomwa sindano ya usingizi ukiwa bado wazi.